Uliza Fundi wa Vito: Hii Ni Rubi ama Garneti?

SWALI: Fundi, habari ya kazi. Niko Free Area hapa Nakuru, mimi ni wa kuuza mitumba lakini kuna kijana wa Marigat tunajuana kitambo, akaniletea mawe nyekundu saba, ndogo ndogo kama punje ya mahindi na moja kubwa kama kucha ya kidole gumba. Akaniambia ni rubi ya Baringo. Tukachukua moja tukachora kioo ya dirisha, ikachora kabisa, nikaamini nikampa elfu nane. Sasa juzi broka ameziangalia kwa mkono tu pale steji, hata lenzi hakutoa, akasema ni garneti na ananisaidia na mia tano kwa zote. Mwingine naye ananiambia niziweke kwa jiko ya makaa, ati zikipasuka si rubi. Nani mkweli hapa, na nitajuaje mwenyewe kabla sijauza? (Mama Wawili, Free Area)

JIBU: Mama Wawili, jiko achana nalo kabisa tafadhali. Rubi inayeyuka karibu na digrii 2050 kwa hivyo makaa hayawezi kuiyeyusha, lakini jiwe lolote lenye nyufa ukilipasha moto haraka na kulipoza haraka linapasuka, iwe rubi iwe garneti, na mawe ghafi mengi yana nyufa. Utabaki na vipande na bado hujajua ni nini.

Sasa hiyo ya kioo. Hiyo ndiyo inaumiza watu wengi sana huku kwetu. Kioo cha dirisha kwa ile ngazi ya ugumu ya Mohs kiko kama 5.5 hivi. Garneti iko 7 mpaka 7.5, rubi iko 9. Zote mbili zitakichora! Hata kwatzi, ile mawe nyeupe unapata imezagaa barabarani, iko 7 na itachora kioo chako vizuri sana. Kwa hivyo kijana wa Marigat huenda hakukudanganya, yeye mwenyewe pia aliamini kioo, na huyo broka naye kwa kuangalia kwa mkono hawezi kujua, hakuna mtu duniani anaweza kujua garneti nzuri na rubi kwa macho matupu pale steji kukiwa na vumbi na matatu zinapita.

Na nitakuambia kwa nini inakuwa ngumu, maana wengi wanafikiri ni uzembe tu. Haya mawe mawili kwa asili hayana undugu. Rubi ni korundamu, yaani aluminiamu na oksijeni peke yake, halafu kromiamu kidogo sana inaingia ndiyo inaipa ule wekundu. (Watu wa Pwani wameiita yakuti tangu zamani.) Garneti ni familia, ina silikoni ndani (ile iko kwa mchanga), na ile nyekundu mara nyingi ni mchanganyiko wa almandini ambayo ina chuma, na pairopu ambayo ina magnesiamu, ule mchanganyiko wa kati wenye rangi kama ya zabibu ndio wanaita rodolaiti. Lakini sasa uzipime. Rubi uzito wake ni mara 4.00 ya maji. Rodolaiti ni kama 3.84, almandini inapita 4 hadi inaweza kufika 4.3. Ukizipanga unaona rubi imekaa katikati ya ndugu hao wawili! Na ukichukua ile mashine ya kupima mwanga unapinda kiasi gani ukiingia kwa jiwe, rubi inakupa 1.762 mpaka 1.770, rodolaiti inakupa karibu 1.76. Unaona? Rangi moja, uzito karibu mmoja, namba ya mwanga karibu moja. Hata mtu mwenye mashine akisoma kwa haraka anateleza.

Watu wengi wananiambia fundi mimi nina mizani ya dijitali nitapima kwa maji. Sawa, njia ni nzuri na uijue: weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe sifuri, funga jiwe na uzi uliningʼinize ndani ya maji bila kugusa chini wala kando, namba inayotoka ndiyo uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito wa jiwe likiwa kavu kwa hiyo namba. Jiwe la gramu 1.20 likisukuma 0.30 unapata 4.00, ukaruka ukasema rubi. Lakini mizani hiyo ikikosea kidogo tu ikakuandikia 0.31 unapata 3.87 ambayo ni garneti, na ikikuandikia 0.29 unapata 4.14 ambayo ni garneti tena. Kosa la sehemu moja ya mia ya gramu limekubadilishia jiwe. Kwa mawe ya punje ya mahindi mimi natumia maji kutoa kioo na kwatzi tu (kwatzi ni 2.65, iko mbali, huwezi kosa), lakini kutenganisha rubi na garneti kwa maji hapana.

Kitu kinachozitenganisha ni vile zinafanyia mwanga, na hapa naomba usome pole pole kwa sababu ndiyo roho ya kazi yetu.

Fikiria shamba la mahindi huko Njoro ama Kitale. Mtu amepanda kwa mistari, kati ya mstari na mstari kuna nafasi kubwa, na ndani ya mstari mimea imekaribiana. Ukikimbia kufuata mstari unaenda vizuri, ukikata mistari unachelewa. Rubi imejengwa hivyo ndani yake, upande mmoja si sawa na mwingine, kwa hivyo mwanga ukiingia unagawanyika mara mbili, mmoja unaenda mbio kidogo na mwingine unachelewa, ndiyo sababu ina namba mbili, 1.762 na 1.770. Garneti ni kama shamba lililopandwa nafasi sawa pande zote, uende huku uende kule ni mwendo ule ule, mwanga unabaki mmoja, namba ni moja. Hiyo tofauti haidanganyi kwa rangi wala kwa uzito, na unaweza kuiona ukiwa kwa meza yako hapo Free Area.

Tafuta miwani ya jua ya polaroidi (polarized), ile ya ukweli, madereva wengi wa kwenda Kisumu wanavaa. Chukua simu, toa protekta kama ni ya plastiki, fungua ukurasa mweupe na mwangaza wote, uilaze mezani. Angalia simu kupitia lenzi moja ya miwani huku unazungusha miwani mpaka skrini iwe nyeusi. Ikikataa kuwa nyeusi huenda hiyo miwani si polaroidi, umeuziwa rangi tu. Sasa shikilia miwani hapo hapo usiisogeze, weka jiwe kwa glasi ndogo ya chini bapa na maji kidogo (maji yanaondoa ule ukwaruzo wa nje usikusumbue, na usitumie kikombe cha plastiki, plastiki inaleta rangi zake za upinde wa mvua utachanganyikiwa), weka juu ya skrini na uzungushe glasi pole pole mzunguko mmoja. Rubi itawaka, itazima, itawaka, itazima, mara nne kwa mzunguko. Garneti itabaki giza. Zingine zitaonyesha mabaka mabaka kama nyoka anatambaa, hiyo ni kwa sababu zilibanwa zikiwa ardhini, lakini hazitawaka na kuzima kwa mpangilio.

Kuna upande mmoja wa rubi ambao mwanga haugawanyiki, kwa hivyo jiwe likibaki giza usilitupe, ligeuze ulalo mwingine urudie, mimi nafanya pande tatu kabla sijasema neno. Na jiwe lisilopitisha mwanga kabisa hii njia haitalisaidia.

Ukiwa bado na hiyo miwani, shika jiwe liangaliane na dirisha, zungusha lenzi mbele yake. Rubi inabadilika kidogo, mara nyekundu ya kuelekea zambarau, mara nyekundu ya kuelekea machungwa. Garneti haibadiliki hata uzungushe mpaka jioni.

Halafu sumaku. Hii mimi naipenda kuliko zote kwa sababu haihitaji jiwe liwe safi. Chukua sumaku yenye nguvu, ile ya ndani ya hard disk ya kompyuta iliyokufa, mafundi wa simu wanazo. Sumaku nyeusi ya spika kubwa haitoshi. Osha jiwe vizuri kutoa udongo mwekundu kwa sababu udongo wetu nao una chuma, liweke juu ya kizibo cha plastiki kinachoelea kwa beseni la maji, funga dirisha upepo usisukume, lete sumaku karibu bila kugusa. Garneti nyekundu ina chuma ndani yake, kizibo kitaanza kuifuata sumaku kama mtoto anafuata mamake. Rubi itakaa hapo hapo.

Ya mwisho ni tochi ya kuangalia noti feki, ile ya mwanga wa yuvii (UV). Zima taa, funga pazia. Rubi nyingi zitawaka nyekundu kutoka ndani kama kaa la moto, ni ile kromiamu. Garneti inabaki giza, na sababu ni chuma kile kile kilichofuata sumaku, chuma ndiyo kinazima huo moto. Tochi za bei rahisi zinatoa zambarau nyingi inayoonekana kwa macho, usije ukaona jiwe linang'aa zambarau kwa juu ukasema limewaka, tafuta wekundu wa ndani. Na kuna rubi zenye chuma kingi kidogo ambazo haziwaki vizuri, kwa hivyo jiwe likikataa kuwaka bado halijakuwa garneti, rudi kwa miwani. Likiwaka sana na kwa miwani likabaki giza pande zote tatu, hilo linaweza kuwa spineli, jiwe lingine tena, ugumu 8, uzito 3.60. Usilidharau. Ile Rubi ya Mwanamfalme Mweusi kwa taji la Uingereza iliitwa rubi miaka mingi na kumbe ni spineli.

Niliongea na Mama Wawili kwa simu kabla sijaandika hii nikamwelezea hayo yote, akaazima miwani kwa shemeji yake wa matatu, akakaa na watoto Jumapili jioni akafanya. Alinitumia majibu: mawe matano yalifuata sumaku na yakabaki giza kwa miwani. Mawili hayakufuata, yakawaka na kuzima, na kwa tochi yakawa kama makaa. Moja ya hayo mawili ni ile kubwa ya kucha ya kidole gumba.

Mama, kwa hivyo kijana alikuwa na ukweli kidogo na broka alikuwa na ukweli mwingi lakini angekubebea hiyo kubwa kwa mia tano. Sikuahidi bei, sijaiona, na rubi nyingi za huku zina nyufa na mawingu ndani, nyingi hazikatwi zikawa na nyuso bapa, zinakatwa mviringo juu kama tone, ama hazikatwi kabisa. Lakini usiziuze pamoja. Tenga mbili kwa karatasi yake. Na mtu wa kununua madini lazima awe na leseni, Sheria ya Madini ya 2016 inasema hivyo, kwa hivyo mwambie akuonyeshe leseni kwanza kabla hujamwonyesha jiwe, na wewe pia ukitaka kuendelea na hii biashara uulize mambo ya leseni mapema usije ukashikwa na mali yako mkononi. Ukitaka kuhakikisha zaidi, Nairobi kuna idara ya madini pale Madini House, na Voi kuna kituo cha serikali cha vito.

Niseme kwa nini naandika kirefu hivi. Mwaka wangu wa pili kwa hii kazi niliona mzee kutoka Pokot hapa hapa Nakuru akiuza jiwe lake kwa bei ya garneti, mnunuzi alilishika akalipeleka kwa jua akakunja uso akasema ni garneti mzee wangu, mzee akachukua pesa akaenda zake. Miezi baadaye nililiona jiwe lile lile limekatwa, na wakati huo nilikuwa nimeshajifunza miwani, nikalipima. Liliwaka mara nne. Nilikuwa nimesimama hapo siku ile na sikujua kitu cha kumwambia huyo mzee, na hiyo haijanitoka.

SWALI: Sasa fundi. Nina jiwe nyekundu nyeusi nimeokota huku upande wa Kapenguria, limejikata lenyewe, lina nyuso 12 zote karibu sawa, kila moja kama almasi ya karata. Rafiki anasema nilipeleke kwa grainda lisafishwe liwe laini. Ni nini hii? (Kijana wa Makutano)

JIBU: Garneti. Hizo nyuso 12 ndizo umbo lake la kuzaliwa, zingine zinakuja na 24, inatokana na ule mpango wa sawa pande zote niliosema hapo juu. Rubi ikijitengeneza inakuwa na pande sita, kama penseli fupi ama kama pipa, na kwa uso wake bapa mara nyingi unaona alama ndogo za pembetatu. Grainda hapana, bwana! Kuna watu wanatafuta garneti yenye umbo lake kamili, ukilainisha hizo pembe umebaki na kokoto. Osha na mswaki na sabuni tu.

SWALI: Fundi, niko Kisumu, Kondele. Nataka kumvisha mchumba pete Desemba, anapenda nyekundu. Sonara mmoja ananionyesha pete mbili, moja ameandika rubi na nyingine rodolaiti. Ya rodolaiti ina mng'ao safi kuliko hata hiyo ya rubi, na ya rubi iko na bei ya chini kuliko nilivyotarajia, nashindwa kuelewa. Nichukue gani? (O., Kondele)

JIBU: O., hongera kwanza. Hiyo rubi ya bei ya chini ndiyo inanitia wasiwasi. Tangu miaka ya 2000 mwanzoni kuna rubi zinaingia sokoni ambazo zilikuwa na nyufa nyingi sana hazifai kitu, zinajazwa kioo chenye risasi (ile metali, lead) ndani ya nyufa, ufa unapotea jiwe linaonekana zuri. Jiwe ni rubi kweli, ukilipima kwa miwani litawaka mara nne na kwa tochi litawaka, lakini nusu ya uzuri unaouona ni kioo. Azima lenzi ya mara kumi, zungusha pete chini ya taa, tafuta vipovu vya hewa vilivyolala kama vimebanwa ndani ya ufa, na mmeta wa buluu unaopita haraka pale kwa ufa ukigeuza. Ukiona hivyo, muulize sonara moja kwa moja, imejazwa? Akikujibu vizuri hata akisema ndiyo, huyo ni mtu wa kufanya naye biashara.

Kuna pia rubi ya kutengenezwa kwa moto, Mfaransa anaitwa Verneuil alitangaza njia yake 1902, na hata saa za mkono za zamani zilikuwa na vipande vyake ndani. Hiyo kwa lenzi utaona mistari imepinda kama mifuo ya sahani ya santuri. Rubi ya ardhini mistari yake ya kukua imenyooka na inakutana kwa kona. Ikiandikwa ni ya kutengenezwa na bei ni ya kutengenezwa hakuna ubaya wowote.

Rodolaiti kung'aa safi ni kawaida yake, garneti nyingi zinatoka ardhini zikiwa safi ndani na hazipashwi moto kama rubi. Mwanga mweupe pia unatawanyika kuwa rangi zaidi kidogo kwa garneti kuliko rubi, kwa hivyo macho yako hayakukosea. Udhaifu wake ni ule ugumu wa 7 na kidogo. Vumbi la Kondele limejaa kwatzi ambayo ni 7, mtu akiivaa kila siku na kuifuta kwa leso kavu, baada ya miaka kona za nyuso zinaanza kuchoka. Rubi safi isiyojazwa haisumbuliwi na vumbi. Kama mchumba ni wa kuvaa pete akiosha, akipika, akipanda boda, mwambie garneti aiosheage kwa maji ya sabuni kwanza vumbi litoke ndio afute.

Ningekuwa mimi na bajeti yako ningechukua rodolaiti. Ni jiwe halisi, halijafichwa kitu, na nyingi nzuri sana zinatoka hapa Afrika Mashariki. Lakini kama moyo umeshaenda kwa ile rubi na ukakuta imejazwa, ukaamua kuchukua tu, basi jua ndimu inakula hicho kioo. Mkienda Dunga kula samaki aivue kabla hajakamua, aiweke kwa mfuko wako wa shati, na umkumbushe kuivaa mkiondoka.